Posa ya Mbuzi Arobaini

Mtu akikwambia mapenzi huanzia machoni, mlete Kivinje aniulize mimi. Yangu yalianzia kwenye herufi zeti, tena zeti yenyewe haikuwapo.

Salumu bin Likwata alikuwa karani wa boriti pale forodhani, kazi yake kuhesabu miti ya mikandaa inayopakiwa vyomboni. Kwao Tingi, Mmatumbi wa baba na mama, na ulimi wake na zeti hawakuwahi kupatana. Akijitahidi sana, akiwa ametulia, aliipata. Akishtuka tu, nazi inakuwa nasi, mzee anakuwa musee. Nilipomcheka aliinamisha kichwa, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikajikuta namtafutia maneno mengine yenye zeti ili atabasamu tena. Sikujua naumwa nini. Nilidhani ni hesabu.

Maana hesabu ndizo zilizotukutanisha. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kule Lindi kwa mjomba, na mwezi uliofuata kulikuwa na mtihani, hukohuko Lindi, wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana. Karatasi moja Tanganyika nzima. Atakachoulizwa msichana wa Bukoba ndicho nitakachoulizwa mimi Mwahija wa Kivinje, siku ileile. Kiingereza nilikuwa nacho. Kujumlisha na kugawanya nilijua. Zilizonitoa jasho ni zile hesabu za maneno, zinazoanza kama hadithi ya mkulima, ukakaa kumhurumia mkulima mpaka ukasahau kuwa umeulizwa swali. Salumu naye alitaka chuo cha ualimu cha wanaume, na yeye alikuwa kinyume changu. Namba kwake zilikuwa maji ya kunywa, lakini Kiingereza kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Tukakubaliana: yeye anifungulie hesabu, mimi nimnyooshee ulimi.

Kumkubalisha baba yangu, hilo lilikuwa jambo jingine. Baba yangu ni Maalim Abdulrahmani, mwalimu wa chuo cha Kurani, na nusu ya watu wa Kivinje wameonja fimbo yake ya henzirani.

"Chuo?" aliniuliza siku ile nilipomwambia. "Chuo si kile pale uani? Hukuhitimu wewe? Sikukuchinjia? Unataka chuo gani tena?"

"Cha ualimu, Baba."

"Ualimu si huu wangu? Kaa hapa, shika henzirani, umekwisha kuwa mwalimu."

Shangazi yangu, Bi Kudra, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na ndiye aliyeniombea. Baba akakubali kwa shingo upande. Najua alichokuwa anafikiri. Alifikiri nitashindwa, na nikishindwa nitatulia, na nikitulia ataniozesha. Hakunificha hata kidogo.

"Mtihani huu mmoja tu, Mwahija. Ukikushinda, nakutafutia mume, na sitaki kusikia mkulima wala mkulima mwenzake."

Masharti yakawekwa. Salumu akae nje barazani. Mimi nikae ndani, nyuma ya dirisha la nondo. Shangazi akae mlangoni katikati yetu na ukili wake wa kusuka, na sleti ikitoka kwangu kwenda kwa Salumu ipitie mikononi mwake. Kwa hiyo kila alasiri nilimwona Salumu vipande vipande: jicho kati ya nondo mbili, kipande cha bega, kanzu yake iliyofuliwa mpaka ikaingia rangi ya maziwa. Jamani, mtu aliyewahi kumwona mtu vipande vipande anajua. Vile vilivyokosekana unavijaza mwenyewe, na mimi sikuwa mchoyo.

Sasa basi. Kulikuwa na hesabu moja katika kitabu chetu cha mazoezi. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: tuseme mkulima ana mbuzi arobaini, akauza robo, na katika waliobaki theluthi wakafa, je, wamebaki wangapi? Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Salumu ilimpasa aisome kwa sauti ili nimsahihishe. Akavuta pumzi, akaisoma:

"Saposa fama has foti gots. Hi sels e kwota..."

Nikacheka mpaka nikashika nondo.

"Si 'saposa'," nikamwambia. "Sapoza. Zzz. Kama nyuki."

"Saposa," akasema Salumu, uso mzito kama anakula kiapo.

"Nyuki, Salumu!"

"Nyuki," akasema.

Basi siku ya pili tukaanza na hiyohiyo. Na siku ya tatu. Mimi nikadhani anafanya mazoezi ya zeti. Na pale mlangoni, vidole vya Shangazi vikaacha kusuka.

Shangazi yangu hajui Kiingereza, lakini masikio anayo, tena ya ziada. Yeye alichosikia ni kijana wa kiume, kila alasiri, mbele yake, bila haya wala mshenga, anamwambia mtoto wa ndugu yake: posa. Na mtoto mwenyewe anacheka! Hakusema kitu. Asubuhi yake jikoni akanitazama kwa macho ya majimaji.

"Mwanangu umekua," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Njoo nikupake liwa."

Nikapakwa liwa. Kesho yake nikasuguliwa singo ya manukato mwili mzima. Nikakatazwa kwenda kisimani jua likiwa kali. Mimi, kwa akili zangu za darasa la nane, nikadhani liwa inatuliza kichwa cha mtu mwenye mtihani. Nikamshukuru sana.

Kumbe mambo yamekwisha kumfikia Baba. Haya ya upande wa wazee nilikuja kuyapata baadaye kwa Shangazi mwenyewe, na Shangazi akisimulia hapunguzi.

"Mtu wa Tingi?" Baba alisema. "Mtoto wangu, wa mji huu, babu yake kazikwa hapa na babu wa babu yake kazikwa hapa, aende Tingi akalinde ngedere shambani?"

"Kaka, mimi nimekuletea nilichosikia."

"Na ulisikia vizuri?"

"Posa nisiijue mimi, niliyeposwa mara tatu?"

Baba akaona amtafute mtu wa Kiingereza. Mtu wa Kiingereza mtaani kwetu alikuwa Mzee Bakary, aliyekuwa askari wa keya, akapigana vita vya Bama, akarudi na koti moja, na Kiingereza ambacho hakuna aliyeweza kukipima. Siku iliyofuata Mzee Bakary akaja barazani, eti kupumzisha mguu. Salumu kumwona mzee kaketi ubavuni mwake, akababaika, na alipobabaika akakimbilia ile anayoijua kwa moyo: saposa fama has foti gots, hi sels e kwota. Mzee Bakary akasikiliza huku amefumba macho, akaitikia kwa kichwa, akainuka na mguu wake akaenda kwa Baba.

"Maalim," akasema, "ni posa, tena si posa ya kitoto. Foti ni arobaini. Hiyo nimehesabiwa nayo kila asubuhi kwenye gwaride. Na gots ni mbuzi."

Baba akakaa chini. "Mbuzi arobaini?"

"Arobaini. Tena kwota. Kwota ni kota, Maalim, nyumba ya serikali, ya bati. Ina maana kijana amepata kota, au ataipata."

"Subhanallahi. Na ile 'sels'?"

Hapo Mzee Bakary alifikiri kidogo. "Sels ni selo. Mahabusu. Nadhani anasema kwa ajili ya mtoto huyu, yuko radhi hata kulala selo."

Shangazi anasema alimwona Baba anapapasa ndevu.

"Tingi si mbali," Baba akasema.

Akatuma salamu kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko: mwambieni Mzee Likwata maneno ya mwanawe tumeyasikia, Ijumaa baada ya sala aje mwenyewe. Ndiyo hivyo tu. Sasa wewe fikiri, una mwanao yuko mji wa watu, halafu unaletewa salamu kama hizo. Mzee Likwata hakulala. Aliamini Salumu ameiba boriti, au amefanya baya kuliko kuiba boriti. Ijumaa akatokea kwetu amevaa kanzu ya Idi, mkononi kuku wawili wamefungwa miguu, mgongoni mtumba wa korosho. Alikuja kuomba radhi.

Mimi nilikuwa nimekaa na sleti yangu, sina habari, mara Shangazi akaniburura mpaka nyuma ya mlango wa ukumbi.

"Kaa hapa, jifunike, na usicheke," akaninong'oneza. "Wakwe wameingia."

"Wakwe wa nani?"

"Wa nani! Liwa yote ile nilikuwa nampaka paka?"

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Baba ameketi juu ya mkeka na kilemba chake cha sikukuu. Mzee Bakary kulia kwake, na koti la Bama. Mbele yao mzee mwembamba na kuku wake. Na kule pembeni kabisa, karibu na viatu, Salumu, jasho linamtiririka, anamtazama baba yake kama mtu aliyeona jini. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzima, bila nondo. Hapo ndipo nilipojua kuwa haikuwa hesabu. Nampenda. Nampenda mtu huyu, na sijui wazee wanataka kumfanya nini.

"Karibu sana, Mzee Likwata," Baba akaanza, baada ya kahawa kumiminwa. "Tumekuita kwa jambo la vijana."

"Ndiyo, Maalim. Nimekuja." Mzee Likwata akainamisha kichwa. Zeti yake ilikuwa imekwenda kabisa. "Kijana amekosa. Sisi wasee tupo kwa ajili ya hayo."

"Si kukosa hasa. Ni kutofuata utaratibu."

"Amekosa, Maalim, usimtetee. Mimi nimemsaa, namjua. Sema tu alipe nini."

Baba akamtazama Bakary, Bakary akamtazama Baba. Waliona huyu ndiye mkwe.

"Mwenyewe ameshataja," Baba akasema kwa upole.

"Ameshataja?"

"Mbuzi arobaini."

Kikombe cha kahawa kilimtoka Mzee Likwata, kikamwagika kwenye kanzu ya Idi.

"Mbusi arobaini?" akasema. "Maalim, mimi nina mbusi watatu, na mmoja kiwete!"

"Na kota," Mzee Bakary akaongeza.

"Kota ya nini tena? Salumu! Umefanya nini mji wa watu?"

"Baba, mimi sijafanya kitu!"

"Hujafanya kitu mbusi arobaini?"

"Haraka ya nini?" Baba akaingilia. "Hatudai wote leo. Tunajua arobaini si mchezo. Walete kidogo kidogo, nikaha itasubiri."

"Nikaha?" Walisema wote wawili pamoja, baba na mwana, na mimi nyuma ya mlango nikawa wa tatu. Shangazi akanifinya.

Ikabidi Salumu aombe ruhusa ya kusema. Maskini, alisimama wima kama mshtakiwa mbele ya bwana shauri, akaeleza. Kwamba ile haikuwa posa, ilikuwa hesabu. Kwamba neno lenyewe ni la Kiingereza, na maana yake ni "tuseme".

"Tuseme nini?" Baba akauliza.

"Tuseme tu, Maalim."

"Basi sema!"

"Nimeshasema, Maalim. Maana yake ndiyo hiyo. Tuseme."

"Huyu kijana ananichezea," Baba akamwambia Bakary.

"Hapana, Maalim, wallahi. Ni hesabu. Tuseme mkulima ana mbuzi arobaini. Akauza robo. Hiyo ndiyo kwota, robo, si nyumba. Wakabaki thelathini. Theluthi yao wakafa, wakabaki ishirini."

Mzee Bakary akaanza kuutazama mguu wake kwa makini sana.

"Walikufa kwa nini?" Mzee Likwata akauliza.

"Nani, Baba?"

"Mbusi. Kumi si mcheso. Ni ndorobo?"

"Baba, hawapo hao mbusi. Ni wa kwenye kitabu."

"Na aliyeusa robo, alimuulisa nani? Mtu anausa kabla maradhi hayajaingia, huyo alijua kitu."

Nikauma kanga ili nisicheke. Lakini nilimwona Baba akisimama, na Baba hakuwa anacheka.

"Basi nimeaibika," akasema. "Nimewaambia watu msikitini. Nimemwita mzee wa watu kutoka kwake kwa ajili ya mbuzi wa kwenye karatasi. Haya ndiyo masomo yao! Yamekwisha leo. Salumu, baraza langu usilikanyage tena. Na mtihani wa Lindi nao umekwisha. Mtu asinitajie."

Jamani, jamani. Mwezi mzima wa wakulima na treni zao na matangi yao ya maji, umekwenda. Bukoba watafanya, Tanga watafanya, Mikindani watafanya, na mimi nitakaa uani na henzirani. Na Salumu atakwenda zake na kanzu yake ya rangi ya maziwa, nisimwone hata vipande. Machozi yakanitoka. Sikujua lipi nalililia, mtihani au mtu, yote mawili yalinibana mahali pamoja.

Aliyeniokoa ni Shangazi, na hakuwa na nia ya kuniokoa. Alikuwa na nia ya kutetea masikio yake. Akasukuma mlango, akatoa kichwa.

"Mimi si kiziwi, Kaka. Alisema posa. Na hakusema siku moja. Kila siku ya Mungu baada ya alasiri, anaanza nayo."

Baba akageuka. "Kila siku?"

"Kila siku. Mengine yanabadilika. Leo treni, kesho tangi. Lakini posa ya mbuzi haikosi."

"Salumu," Baba akasema taratibu, kwa ile sauti anayoitumia kwa mtoto aliyeruka aya, "hesabu hiyo ni ngumu?"

"Hapana, Maalim."

"Binti yangu ilimshinda?"

"Aliipata siku ya kwansa, Maalim. Aliipata kabla yangu."

"Sasa mtu mzima anarudia kila siku hesabu iliyokwisha kupata jibu, kwa nini?"

Salumu akatazama mkeka. Akatazama kuku. Kisha akanyanyua uso, akatazama ufa wa mlango, palepale lilipokuwa jicho langu.

"Kwa sababu anacheka," akasema.

Akaendelea, na zeti zote zikamtoroka, masikini wa Mungu, hata moja haikubaki.

"Nikisema vile, anacheka. Siku ya kwansa sikufanya makusudi. Lakini nilirudi kasini, nikahesabu boriti nikakosea, nikahesabu tena nikakosea, mpaka bwana mkubwa akaniulisa kama naumwa. Nilikuwa nasikia kile kicheko. Kesho yake nikasema, nitaisoma tena mara moja tu. Maalim, mimi sina mbusi. Sina kota. Kuposa sikuposa, nisingethubutu. Ila kama ningethubutu, ningesema maneno yale yale."

Ah! Mwacheni mtu alie. Nililia palepale nyuma ya mlango, singo yote ya Shangazi ikaloana, na Shangazi mwenyewe akajipangusa kwa ukili. Hata Mzee Bakary akakohoa.

"Nilisema," akanong'ona. "Hata selo yuko radhi."

Mzee Likwata ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua la kufanya. Akawanyanyua wale kuku wawili, akawasogeza mbele ya Baba.

"Maalim," akasema, "nilikuja kuomba radhi, sasa nageusa. Kuku ni walewale. Naposa."

Baba akawatazama kuku. Akamtazama Salumu kitambo kirefu. Nami namjua baba yangu, ni mkali lakini hana moyo wa jiwe, na kijana aliyesema kweli mbele yake hampigi tena. Akaketi.

"Kijana ana adabu," akasema. "Na Tingi... Tingi si mbali. Basi, kheri. Mume amepatikana, mtihani wa nini tena? Hilo limejimaliza lenyewe."

Kumbe! Machozi yalinikauka. Nimepewa mtu, nimenyang'anywa karatasi, vyote kwa sentensi moja, na wazee wanavuta kahawa kama wamegawana embe. Nilimwona Salumu amefungua mdomo, lakini baba yake alimkanyaga mguu. Ndipo Baba akageukia mlango, kufuata sheria.

"Mwahija! Umeyasikia. Unaridhia?" Na hata sijavuta pumzi, akawageukia wenzake. "Amenyamaza. Kimya cha mwanamwali ndiyo radhi yake. Tusome Fatiha."

"Sikunyamaza!" nikasema.

Mikono ya Fatiha ikabaki hewani.

"Nilikuwa napumua, Baba. Naridhia." Nikasikia Salumu anashusha pumzi kule kwenye viatu. "Naridhia, lakini mahari yangu hamjaniuliza."

"Mahari tutazungumza wazee."

"Mahari ni ya mwanamke," Shangazi akasema, kama mtu anayejisemea. "Unatusomesha hivyo kila Ramadhani, Kaka."

Baba akameza mate. "Haya. Taja. Lakini umwonee huruma Mzee Likwata."

"Nataka elimu," nikasema. "Salumu anifundishe hesabu mpaka niende Lindi nikafanye mtihani ule, nishinde. Hiyo ndiyo mahari. Na naitaka yote, taslimu, kabla ya nikaha. Ya kukopa sitaki."

"Hiyo si mahari!"

"Baba, ni nani aliyetusimulia kisa cha yule maskini aliyekosa hata pete ya chuma, akaoa kwa sura alizozihifadhi, amfundishe mkewe? Ni wewe. Mpaka wanafunzi wako wanaweza kukisema usingizini."

Kule uani, japo ilikuwa Ijumaa, wanafunzi wake wenye deni la sura walikuwa wanasoma kwa sauti. Mtu akipigwa na henzirani yake mwenyewe, hana pa kushtaki.

"Na ukishindwa huo mtihani?" akauliza mwishowe.

"Basi mahari haijatimia, na nikaha haipo. Nitakaa hapahapa, Baba, niendelee kudai."

"Sisi tumekubali!" Mzee Likwata akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hesabu ya mbuzi sifuri aliipata upesi kuliko sisi sote. Salumu yeye aliniangalia tu kwenye ule ufa, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Fatiha," Baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi kwenye baraza lake.

Basi Jumamosi alasiri nikakaa dirishani na sleti yangu, na Salumu akaja barazani. Shangazi hakuwapo mlangoni. Aliyekaa pale alikuwa Baba mwenyewe, kilemba kichwani, henzirani mapajani.

"Shikamoo, Maalim," Salumu akasema, rangi imemtoka.

"Marahaba. Kaa. Jana umelipa nini?"

"Jana ilikuwa Ijumaa, Maalim, hatukusoma."

"Basi leo lipa ya siku mbili. Mtihani uko karibu, na mimi sitaki mji useme binti ya Maalim Abdulrahmani aliposwa kwa mahari nusu." Akanigeukia mimi. "Na wewe! Desimali umezijua?"

"Bado kidogo, Baba."

"Bado! Salumu, unamsikia mdai wako? Desimali bado!"

Mtu akapita njiani, akasimama kusalimia. Baba akampungia henzirani aendelee na safari yake.

"Usitucheleweshe, bwana. Hapa mahari inalipwa."

Salumu akafungua kitabu haraka. Akalamba midomo. Nikaona anakusanya nguvu zake zote, shingo imemkakamaa.

"Sapozzzza," akasema, na zeti ikalia safi, nyuki kabisa. Kumbe usiku hakulala, alikuwa anaifanyia mazoezi. Akanyanyua macho kwangu, anangoja sifa.

Mimi sikucheka. Kitu kiliniuma hapa, chini ya ziwa la kushoto. Nilisogeza uso mpaka ukagusa nondo.

"Ni sahihi," nikamwambia taratibu. "Lakini mtihani wako hautakuwa wa kusoma kwa sauti, Salumu. Mbele yangu isome kama zamani."

"Ile yenye makosa?"

"Ile ya posa."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akavuta pumzi, akaweka kidole chini ya mstari ambao wala hakuhitaji kuutazama.

"Saposa fama..."

Nikacheka mpaka nikashika nondo, na safari hii mkono wake ulikuwa umeshafika pale pale, upande wa pili wa chuma.

"Mkono si hesabu!" Baba akafoka, henzirani ikalia kwenye kizingiti. "Mahari kwanza!"